Ubao wa Wasiohama

Ubishi wa Jumatano katika ukumbi wa zimamoto ulikuwa hauanzi mpaka Mahlon Zook amalize bakuli lake la kwanza la supu. Hapo ndipo alipofuta mdomo, akasukuma kiti nyuma, akapaza sauti kama mtu anayenadi ng'ombe.

"Haya, semeni. Dereva mkubwa kuliko wote aliyepata kuzaliwa Pennsylvania ni nani? Na mtu asinitajie Rusty Lauver kabla sijala pai yangu."

"Rusty Lauver," akasema Elwood Shirk, hata kijiko hakukiweka chini.

Kicheko. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumatano.

Verna Hostetter alikuwa jikoni, nyuma ya dirisha la kupakulia, ana upawa mkononi. Ubishi ule angeweza kuusema wote bila kukosea, kama mtu anavyosema sala ya chakula. Sasa Mahlon atasema Lauver alikuwa mbabe wa kusukuma wenzake, si dereva. Elwood atasema Lauver alishinda na mkono mmoja umefungwa plasta. Mtu wa meza ya pili atamleta Paul Dietz wa York, aliyekuwa akitafuna ndimu na maganda yake kabla ya mbio. Mwingine atamleta Klinger, ambaye ilisemwa kwamba gari lake lilikuwa na breki kwa sababu ya sheria tu. Na wote wale, Lauver, Dietz, Klinger, walikuwa marehemu. Ukisikiliza vizuri ungegundua pia kwamba waliofia kwenye usukani waliwekwa juu ya waliofia kitandani. Hakuna aliyewahi kulisema hilo waziwazi, lakini ndivyo hesabu ya meza ile ilivyokwenda.

Aliye hai hakuhesabiwa. Sababu yake ilikuwa ubao.

Ubao wenyewe, wa majina ya madereva wakubwa, ulikuwa kando ya jukwaa la watazamaji, kwenye uwanja wa udongo wa mbio za magari wa Galen Brubaker, katikati ya mashamba ya mahindi. Elwood ndiye aliyeuandika kwa brashi, maana alikuwa fundi wa mabango tangu ujana. Zamani waliwahi kumwandika mtu hai, mmoja tu, Scott Wenrich, kijana wa sehemu za juu za mto aliyekuwa akiwatimulia vumbi Wahuni. Wahuni ni lile kundi la madereva wanaozunguka nchi nzima na malori yao marefu; kila kiangazi huja bondeni kutafuta fedheha au kuigawa. Basi Wenrich akaandikwa kwa herufi za dhahabu, watu wakalia. Msimu uliofuata akahamia North Carolina kuendesha yale magari makubwa ya paa, akasimama mbele ya televisheni na kuwashukuru "watu wangu wa nyumbani, Carolina." Bonde zima lilimsikia. Asubuhi yake Elwood akapanda ngazi na kopo la rangi nyekundu ya kupakia maghala, akamfuta. Kiraka chekundu kipo mpaka leo. Tangu siku hiyo ikawa sheria: ubaoni huandikwi mpaka ufe, kwa sababu maiti hahami jimbo.

Lamar, mume wa Verna, alikuwa na kosa moja tu. Hakufa.

Alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu na mlango wa jikoni, kitambaa shingoni, mkono wa kushoto umekunjika kifuani kama bawa la ndege aliyegongwa. Watu walipopita walimpiga bega. "Mambo, Lamar!" Kisha walikwenda kukaa meza iliyo mbele yake, wakawataja madereva wakubwa wa Pennsylvania, na jina lake hawakulitaja. Haikuwa chuki. Ingekuwa chuki, Verna angejua pa kuikamata. Walikuwa tu hawawezi kumtazama mtu anayedondokwa na supu kidevuni huku wakikumbuka alivyokuwa akiingia kona ya tatu gari limelala ubavu, gurudumu la mbele liko hewani.

Jumapili iliyotangulia, Verna alikuwa amemfuata mwanawe bandani. Trent alikuwa chini ya gari lake la mbio, gari dogo la bawa kubwa juu, anachomelea bomba lililopasuka.

"Ijumaa Wahuni wanakuja," alisema Verna.

"Najua, Mama."

"Usiende."

Trent alizima mashine, akavua barakoa. Alikuwa na macho ya baba yake na ubishi wa baba yake. Mikono ya baba yake hakuwa nayo. Verna aliliona hilo tangu msimu wa kwanza: aliingia kona akiwa amechelewa, kisha akaisahihisha kwa nguvu, na gari likamkasirikia. Mara mbili lilikuwa limembiringisha. Ungemwambiaje kijana mwenye miaka ishirini na mitano neno hilo? Alishamwambia. Alicheka.

"Mama, sikiliza. Miaka tisa wanakaa pale na supu yako tumboni, na hawawezi kumtaja. Kana kwamba hakuwahi kuwepo. Basi nitaendesha mpaka wataje jina la Hostetter, wapende wasipende." Akafuta mikono kwa kitambaa, akamtazama Lamar kwenye kiti chake mlangoni, akasema taratibu zaidi: "Siku watakapoliandika jina la Baba kwenye ule ubao, nauza gari. Injini, bawa, kila kitu. Nakuapia mbele yake."

Trent hakuwahi kusema uongo mbele ya baba yake. Kwa hiyo Jumatano ile Verna hakubaki nyuma ya dirisha. Alitoka na upawa wake, akasimama kwenye kichwa cha meza, mahali ambapo wanawake wa jikoni walifika tu kuondoa vyombo.

"Lamar Hostetter," alisema.

Mahlon alitazama kwenye mlango. "Amefanya nini? Anataka chooni?"

"Nimejibu swali lako. Dereva mkubwa kuliko wote aliyezaliwa Pennsylvania."

Kijiko cha mtu kikagonga bakuli. Elwood alijikuna shingo.

"Verna, mama, wewe unajua sheria…"

"Sheria ni kwamba aliye hai anaweza kuhama. Sasa mtazame huyo, Elwood. Anahamia wapi? Kwenda kitandani tu ni mimi na Trent na mkanda wa kumnyanyulia. Ukimwona anaelekea Carolina niite, nitapiga magoti nimshukuru Mungu."

Mmoja alicheka, akajuta. Lakini kitu kililegea mezani. Mahlon Zook alikuwa mfuga ng'ombe wa maziwa mwenye mdomo mchafu na moyo wa siagi, na ndiye aliyeanza.

"Mimi nasema kweli. Siku ile dhidi ya Wahuni, Lamar alikuwa mbele yao kwa nusu nzima ya mnyooko, kutoka kona mpaka kona. Nusu! Niliona kwa macho haya. Lauver hakuwahi kufanya hivyo."

"Lauver alikuwa na injini mbovu," alisema Elwood.

"Lauver alikuwa na visingizio vizuri! Ungempa Lamar mashine ya kukatia majani angekushindia nayo."

"Aliwahi," alisema mtu wa meza ya pili. "Maonyesho ya kaunti. Alimshinda mchungaji."

"Mchungaji alikuwa na mashine mpya!"

Wakacheka wote, na safari hii Verna naye alihisi kifua kinafunguka. Walimrudisha. Wakaleta zile mbio za mvua, wakaleta zile za gurudumu lililotoboka, wakapingana, wakatukanana kwa upendo, na jina la Lamar likawa linazunguka mezani kama chumvi. Lamar mwenyewe alikuwa ameinua kichwa. Alisikia au hakusikia, Verna hakujua. Daktari pia hakujua.

"Ile siku ya Wahuni angewamaliza," alisema Mahlon, uso umemwiva. "Kitovu cha gurudumu kikakatika, sawa, hiyo ni mbio. Lakini ule ua ungekuwa ua, ungemrudisha ndani. Angetoka na mbavu mbili zimevunjika na lugha chafu. Zile nguzo zilikuwa…"

Akanyamaza, kwa sababu Galen Brubaker alikuwa ameweka kikombe chake cha kahawa chini.

Galen alikaa mwisho wa meza kila Jumatano, mpole, shati limepigwa pasi. Uwanja ulikuwa wake. Ghala la mbao lilikuwa lake. Nyasi kavu za Mahlon zilinunuliwa na yeye, mabango ya Elwood yaliagizwa na yeye, na gari la wagonjwa lililomchukua Lamar siku ile lilinunuliwa kwa harambee yake, na jina lake limeandikwa mlangoni. Nguzo za ua wa kona ya tatu zilikuwa zimeoza ndani na kupakwa rangi nyeupe nje. Gari la Lamar lilizipita kama biskuti, likaishia kwenye korongo la kijito. Walioziona zilivyovunjika, unga unga, walikuwa nusu ya watu wa ukumbi ule. Walipoulizwa walisema ilikuwa bahati mbaya. Waliosema hivyo hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linalochoma. Watu wabaya huwa wachache. Bonde likajaa watu wazuri wenye nyasi za kuuza, na mtu mmoja akapata nafasi ya kuua au kulemaza bila hata kupandisha sauti. Nyuma ya kila tiketi palikuwa na maandishi madogo kwamba ukiumia ni juu yako.

"Nani amekataa Lamar aandikwe?" Galen aliuliza kwa upole. "Mimi sijawahi kukataa. Sheria ile ni ya Elwood."

Elwood alitazama supu yake.

"Mimi naona Verna amesema kweli," Galen aliendelea. "Lamar ni mtu wetu. Elwood, una rangi ya dhahabu? Basi tufanye Ijumaa hii hii, mbele ya Wahuni. Uwanja umejaa. Tunamweka Lamar pale chini ya ubao, tunafunua jina, watu wanasimama." Akamtazama Verna kwa macho yaliyolowa kidogo, na lililo baya zaidi ni kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli. "Ni deni la siku nyingi, dada yangu."

Meza ikaanza kupiga makofi. Mahlon alipiga ngumi mezani mpaka mabakuli yakaruka.

"Na Trent atakuwa kwenye mbio, bila shaka," Galen alisema juu ya makofi. "Hatuwezi kulifunua jina la Hostetter na hakuna Hostetter uwanjani. Nitaliweka kwenye redio kesho: baba ubaoni, mwana kwenye usukani."

"Hapana," alisema Verna. "Trent anauza gari. Mkiandika jina, anauza. Ndiyo maana nimekuja."

"Auze!" alisema Galen, akicheka kwa wema. "Jumamosi auze, hata mimi namnunulia. Ijumaa aendeshe."

"Usimnyime mtoto siku yake, Verna," alisema Mahlon. Mahlon, aliyekuwa upande wake!

"Andikeni Jumamosi."

"Jumamosi nani atakuwepo? Ng'ombe wangu?"

Wakacheka. Upawa ulikuwa ukimdondoshea supu kwenye kiatu. Alifungua mdomo kusema habari ya nguzo, na aliona kila uso mezani ukimwomba asiseme, si kwa ukali, kwa huruma, kama watu wanavyomtazama mtu anayekaribia kujiaibisha msibani. Angesema, halafu? Wangetazama mabakuli yao. Galen angesikitika. Jina lisingeandikwa, na Trent angeendesha Ijumaa na Ijumaa nyingine zote. Akafunga mdomo. Akarudi jikoni, maana watu walikuwa wanataka pai.

Nyumbani, Trent alimnyanyua juu akamzungusha.

"Umewezaje, Mama? Umewezaje!"

"Ulisema utauza."

"Nitauza! Jumamosi asubuhi, nakuapia tena. Lakini Baba anaheshimiwa mbele ya Wahuni, halafu mimi nikae jukwaani nile chipsi na siki? Ungetaka niwe mtoto wa namna hiyo?"

Kiapo kilikuwa hakijavunjwa. Kilikuwa kimesogezwa tu upande, inchi moja, na ndani ya inchi ile ndimo zilimokaa mbio zenyewe. Na yeye Verna ndiye aliyekwenda kubisha hodi.

Alhamisi alimwacha Lamar kwa jirani akaenda uwanjani. Elwood alikuwa juu ya ngazi, ulimi nje kama mtoto wa shule, anamalizia herufi za Hostetter. Zilikuwa nzuri. Elwood hakuwahi kuandika herufi mbaya.

"Nguzo za kona ya tatu," Verna alimwita kutoka chini. "Zimebadilishwa?"

"Galen amebadilisha, ndiyo. Mwaka ule ule."

"Zote?"

Brashi ilisimama. "Zile za mwanzo zote. Zinazoonekana kutoka jukwaani."

"Na za nyuma, kule kijitoni?"

"Zimepakwa rangi." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilimwambia, Verna. Zamani nilimwambia. Hata juzi nimemwambia."

"Mwambie na Trent basi."

"Trent anazijua. Wote wanazijua. Kila mmoja anafikiri ataipita ile kona." Akashuka ngazi hatua kadhaa, akamtazama usoni, mzee mwenye dhahabu kwenye kucha. "Nifanye nini mimi? Niambie. Nitafanya."

Alifikiri. Angemwambia nini? Aende na msumeno azikate nguzo, mbio zifutwe? Galen angepigilia nyingine kabla ya adhuhuri, nyeupe, nzuri, za mbao ile ile ya ghala lake. Verna alitazama juu, kwenye jina. Mbele ya jina Elwood alikuwa ameandika mwaka wa kuzaliwa, halafu kistari, halafu patupu.

"Hapo umeacha nini?"

Elwood aliona haya. "Wote wana miaka miwili. Nikiandika mmoja bila kistari, safu itapinda. Mtu akitazama kwa mbali ataona haijanyooka."

Verna aliitikia kwa kichwa. Alielewa. Lilikuwa suala la safu.

Ijumaa watu walijaa mpaka kwenye nyasi. Galen alishika kipaza sauti, akasema maneno mazuri, na turubai likaanguka. Jukwaa zima lilisimama. Hata Wahuni walivua kofia, wakashuka kwenye malori yao wakaja mmoja mmoja kumpa Lamar mkono, ule unaofanya kazi. Mahlon alikuwa analia waziwazi na kupenga kamasi kwenye leso nyekundu. Trent alikuja wa mwisho, suti yake ya mbio imefungwa mpaka shingoni. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaweka paji la uso kwenye goti la baba yake.

"Umeona, Baba? Wameandika."

Verna alimshika mwanawe sikio, kama alivyomshika alipokuwa mdogo. "Ingia kona mapema," alimwambia. "Mapema, Trent. Usiisubiri."

"Ndiyo, Mama." Alikuwa anatazama njia.

Magari yale hayana stata. Kila moja husukumwa na pikapu kutoka nyuma mpaka injini ikamate, na Verna alikuwa hajawahi kukiona kitu hicho kwa jicho alilokuwa nalo leo: dereva amefungwa mikanda, helmeti kichwani, hawezi kuanza mwenyewe, na nyuma yake mtu amekanyaga mafuta anamsukuma. Pikapu ilikuwa na jina la ghala la mbao mlangoni. Gari la Trent liliguswa, likaviringika kimya, likakohoa, kisha injini ikakamata kwa mlio uliopita tumboni mwa kila mtu.

Lamar alishtuka. Mkono wake wa kulia ulitoka kwenye blanketi ukakamata mkono wa gauni la Verna, ukaanza kuuvuta upande wa kushoto, ukaachia, ukauvuta tena kushoto. Mara ya tatu alielewa. Alikuwa anaingia kona, na alikuwa anaiingia mapema.

"Mwone," alisema Verna kwa watu wa karibu. "Mwone anavyofanya. Mtu akamwambie Trent." Lakini kelele ilikuwa kubwa, na walimtabasamia, wakidhani mama amefurahi.

Nyuma yake, kwenye benchi la kwanza, ubishi ulikuwa umeshaanza tena. Mahlon alikuwa amekwisha kupangusa machozi.

"Sasa Lamar tumweke juu ya Dietz au chini?"

"Juu ya Dietz, chini ya Lauver."

"Lauver, Lauver! Umekula naye nini huyo Lauver?"

"Na mtoto je?" aliuliza mwingine.

"Mtoto bado," alisema Mahlon. "Ngoja tuone leo."

Magari yalijipanga mawili mawili kwenye mnyooko wa nyuma, vumbi limeanza kupanda, na la Trent lilikuwa safu ya pili, upande wa nje, upande wa ua. Verna alitaka kutazama kona ya tatu na shingo ikamkatalia. Akageuka kwenye ubao. Herufi za dhahabu zilikuwa zinameremeta chini ya taa, rangi bado mbichi, kiraka cha Wenrich chekundu pembeni, na baada ya mwaka wa Lamar kile kistari kimenyooka sawasawa na vya wenzake. Mkono wa mumewe ulikuwa unamvuta gauni, kushoto, mapema, kushoto. Bendera ya kijani ya kuanzisha mbio ikashuka, na watu wote wakasimama, akawa haoni tena kitu.